Wapimaji watatu, plasenta moja, gredi tofauti: tupimeje kukubaliana kwetu?

Sonografa_Nakuru aliuliza:

Hamjambo wataalamu. Ninafanya kazi ya ultrasaundi katika kituo kimoja mjini Nakuru, ambako tuko wapimaji watatu tunaopokezana zamu, na ninaomba mawazo yenu kuhusu jambo linalojirudia katika ripoti zetu za wajawazito wa miezi ya mwisho. Mama hupimwa na mwenzangu, ripoti ikaandikwa kwamba plasenta (kondo la nyuma) ni ya gredi II, yaani hatua ya tatu kati ya nne za kukomaa kwake. Akirudi baada ya wiki mbili akapimwa na mwingine, ripoti inasema gredi I. Wengine hutujia na ripoti za kliniki za nje zenye gredi III, ilhali sisi tukitazama hatuoni zaidi ya gredi II. Kwa kuwa chokaa ikishajikusanya ndani ya plasenta haitarajiwi kuyeyuka, naona kwamba gredi inayoshuka inatoa habari za msomaji kuliko za plasenta yenyewe.

Tunatumia mgawanyo wa Grannum na wenzake wa mwaka 1979, kama wanavyofanya wengi. Gredi 0 ni plasenta yenye umbile la sare, na ukingo wake wa upande wa mtoto ni laini. Gredi I huonyesha mawimbi madogo ukingoni na madoa meupe yaliyotawanyika. Gredi II ina mibonyeo yenye umbo la koma inayoingia ndani bila kufika upande wa pili, pamoja na mistari myeupe kwenye msingi, yaani pale plasenta inaposhikana na ukuta wa mfuko wa uzazi. Gredi III ni pale mibonyeo hiyo inapovuka hadi kwenye msingi na kuigawa plasenta katika mafungu, na chokaa huwa nyingi kiasi cha kutupa vivuli. Kwenye karatasi maelezo haya hayana utata. Kwenye kioo cha mashine, mbele ya mama mnene ambaye plasenta yake iko nyuma na mtoto amelala juu yake, hata kuamua kama mbonyeo umefika kwenye msingi au umekomea njiani ni kazi.

Nimefikiria kuchukua picha zilizohifadhiwa, kila mmoja wetu azisome peke yake, kisha nihesabu ni asilimia ngapi tumekubaliana. Je, hesabu hiyo inatosha? Nitajuaje kama tofauti inatoka kwenye macho yetu au kwenye namna tunavyoipata picha? Na swali ambalo wenzangu hawapendi niliulize: kuna haja ya kuendelea kuandika gredi katika ripoti?

Takwimu_Eldoret alijibu:

Ndugu Sonografa, asilimia peke yake itakudanganya, na ni afadhali nikuonyeshe kwa hesabu. Tuseme wapimaji wawili wamesoma picha 100, na kila mmoja amezipa picha 10 gredi III. Picha 4 tu ndizo ambazo wote wawili wameziita gredi III, picha 84 wote wamesema si gredi III, na katika 12 zilizobaki wametofautiana, 6 huku na 6 kule. Hapo wamekubaliana kwa asilimia 88, na mkuu wa idara akiambiwa hivyo atafurahi na kufunga faili. Lakini lau kila mmoja angegawa gredi zake kwa kubahatisha, mradi tu ahifadhi uwiano wake wa 10 kwa 90, bado wangekubaliana kwa asilimia 82. Kapa, kipimo kilichotolewa na Jacob Cohen mwaka 1960, kinaiondoa bahati hiyo: 88 ukitoa 82 ni 6, nafasi iliyobaki juu ya bahati ni 18, na 6 gawanya kwa 18 ni takriban 0.33. Katika jedwali la Landis na Koch la mwaka 1977, thamani kati ya 0.21 na 0.40 iko ngazi ya tatu kutoka chini. (Jedwali hilo hutajwa kama sheria, ingawa mipaka yake ni maamuzi ya waandishi wenyewe tu.) Hata bila kapa, tazama zile picha 16 ambazo angalau mmoja wao aliziita gredi III: ni 4 tu walizokubaliana. Mama ambaye plasenta yake imo katika zile 12 atapata jibu kulingana na zamu aliyoikuta.

Gredi zina mpangilio, na kapa ya kawaida haiujui. Kwake, tofauti ya gredi 0 na III ina uzito ule ule wa tofauti ya I na II. Ndiyo maana Cohen mwenyewe aliongeza mwaka 1968 kapa yenye uzani. Kwa ngazi nne kama zenu, uzani wa mstari humpa aliyekosea kwa hatua moja theluthi mbili za alama, wa hatua mbili theluthi moja, na wa hatua tatu sifuri. Uzani wa mraba ni mkarimu zaidi: hatua moja hupewa 8 kwa 9, na hatua mbili 5 kwa 9. Ukiona ripoti yenye kapa ya kupendeza, uliza kwanza ni uzani gani uliotumika. Mimi ningetumia wa mstari, kisha nitenge hesabu ya pili ya gredi III dhidi ya nyingine zote, kwa sababu hapo ndipo maamuzi ya hospitalini yanapobadilika na hapo ndipo kapa yenye uzani huweza kuficha matatizo. Kwa vyovyote, lichapishe jedwali zima la nani alisema nini. Msomaji mwenye jedwali anaweza kukokotoa kipimo chochote anachokitaka, lakini msomaji aliyepewa namba moja tu hawezi kurudi nyuma.

Kwa kuwa mko watatu, ipo njia ya Fleiss ya mwaka 1971 inayopokea wasomaji wengi kwa pamoja, ila katika hali yake ya kawaida haizingatii mpangilio wa gredi. Ningefanya jozi tatu, kila jozi na kapa yake yenye uzani na kiwango chake cha mashaka. Jozi zina faida nyingine: zitaonyesha kama ni mmoja wenu ambaye daima huvuta kwenda juu, jambo ambalo namba ya pamoja hulimeza.

Sasa swali lako la macho au mashine, ambalo kwangu ndilo zito. Mkisoma picha zilizohifadhiwa, mnapima usomaji peke yake. Yule aliyeipiga picha alikwisha kuamua aelekeze wapi kichwa cha mashine, aongeze mwangaza kiasi gani, na asimamishe picha lini, na nyinyi watatu mnarithi maamuzi yake. Kukubaliana kwenu kutaonekana kuzuri kuliko kulivyo kliniki. Kwa hiyo fanyeni majaribio mawili tofauti. La kwanza ni la picha zilizohifadhiwa, zisizo na jina wala umri wa mimba, zilizochanganywa bila mpangilio, na baada ya majuma kadhaa kila mmoja azisome tena kwa mpangilio mwingine bila kuona majibu yake ya awali, ili mpate pia kukubaliana kwa mtu na nafsi yake. La pili ni la mama walio hai: wapimaji wawili wampime mama yule yule siku ile ile, kila mmoja aanze upya na mashine, bila kusikia mwenzake alisema nini. Kapa ya jaribio la pili ikiwa chini sana kuliko ya kwanza, basi shida iko katika upatikanaji wa picha, na kuwafundisha watu kusoma atlasi (kitabu cha picha za mfano) hakutawasaidia sana.

Tahadhari ya mwisho: kila mama achangie picha yake mara moja tu, na msichague picha nzuri peke yake. Mkitaka gredi zote ziwakilishwe kwa wingi sawa mnaweza kufanya hivyo, ila semeni wazi, kwa sababu kapa hubadilika pamoja na uwiano wa gredi hata pale ambapo ustadi wa wasomaji haujabadilika.

Mkunga_Kisumu alijibu:

Nimefuata hesabu ya Takwimu hadi mwisho na ninaikubali, lakini naomba nieleze kinachotokea baada ya ripoti kutoka mlangoni kwenu. Huku kwetu mama anapewa karatasi mkononi, na kabla hajafika kliniki ya wajawazito imeshasomwa na dada yake, shemeji yake na jirani mwenye simu ya intaneti. Anapofika kwangu ananiambia, «Sista, wamesema kondo la nyuma limezeeka, mtoto hapati chakula.» Mwingine wa wiki 37, asiye na presha wala tatizo lolote, anaomba aanzishiwe uchungu siku hiyo hiyo. Kumweleza kwamba plasenta ya mwezi wa tisa kuonyesha chokaa ni sehemu ya kukomaa kwake huchukua muda mrefu kuliko ilivyochukua kuandika lile neno moja.

Liko tatizo la upande wa pili ambalo naliona kubwa zaidi. Akina mama wengi wa Nyanza na Magharibi huanza kliniki wakiwa wamechelewa, na tarehe ya hedhi ya mwisho hawaikumbuki vizuri. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kwamba kila mjamzito apate ultrasaundi moja kabla ya wiki 24, na sababu mojawapo ni kukadiria umri wa mimba pale vipimo vya mtoto vinapoaminika zaidi. Anayekuja kwa mara ya kwanza akiwa na mimba kubwa hana msingi huo, na hapo ndipo baadhi ya wapimaji huitazama gredi ya plasenta na kusema, «Hii ni gredi III, kwa hiyo mimba imetimia.» Gredi haikuundwa kuwa kalenda. Mama mwenye presha anaweza kuwa na gredi III mapema, na mwenye kisukari anaweza kukawia katika gredi ya chini. Ukiongeza juu ya hayo kwamba wapimaji wawili hawakubaliani, mtu anaweza kuzalishwa mtoto ambaye hajakomaa kwa sababu ya zamu iliyokuwepo.

Ombi langu ni kwamba nafasi ya ripoti itumike kwanza kwa ukuaji wa mtoto, maji ya uzazi na mahali plasenta ilipo. Kando ya ziwa malaria ya wajawazito bado ipo na hupunguza uzito wa watoto, kwa hiyo mtoto asiyekua vizuri ndiye ninayemtafuta katika karatasi yenu.

Na kuhusu lile jaribio la kumpima mama mara mbili: mumweleze na akubali kwanza, na asilazwe chali muda wote huo. Mimba kubwa hubana mshipa mkuu unaorudisha damu moyoni, na mama huanza kuona kizunguzungu. Mgeuzeni kidogo ubavu wa kushoto, mpeni mapumziko kati ya mpimaji mmoja na mwingine.

Daktari_Kakamega alijibu:

Sista amesema kweli, ila singependa tuitupe gredi kabisa. Historia yake inasaidia kuelewa kwa nini tunaiamini na kuitilia shaka kwa wakati mmoja. Grannum, Berkowitz na Hobbins waliitoa wakitafuta dalili ya kukomaa kwa mapafu ya mtoto bila kuchoma sindano tumboni kwa mama. Walilinganisha gredi na uwiano wa lesithini na sfingomielini (mafuta mawili yanayoonyesha kukomaa kwa mapafu) katika maji ya uzazi, na katika kundi lao plasenta za gredi III zilienda pamoja na mapafu yaliyokomaa. Wengine walipojaribu baadaye walikuta gredi III pamoja na mapafu machanga, na matumizi hayo yakaachwa. Hata hivyo mwaka 1987 Proud na Grant wa Uingereza walichapisha jaribio la wanawake 2,000, ambapo nusu gredi ya plasenta ilipelekwa kwa madaktari wao na nusu ikafichwa, na vifo vya watoto vilikuwa vichache katika kundi ambalo madaktari walijulishwa. Jaribio moja halitoshi kujenga utaratibu wa hospitali, lakini pia halituruhusu kusema kwamba gredi haina maana.

Msimamo wangu ni huu: gredi III mimba ikiwa imetimia haibadilishi chochote kama mambo mengine ni sawa. Gredi III kabla ya wiki 36, na umri huo wa mimba uwe umethibitishwa na kipimo cha mapema, ni sababu ya kupima presha na mkojo, kuuliza kuhusu sigara, kufuatilia ukuaji, na palipo na mashaka ya ukuaji kupima dopla (mtiririko wa damu) ya ateri ya kitovu. Dopla ndiyo yenye ushahidi wa kupunguza vifo katika mimba zenye hatari. Gredi ni kengele ya kukuita utazame zaidi.

Kuhusu kutokubaliana, hamko peke yenu. Watafiti wa Dublin walichapisha mwaka 2011 kwamba kukubaliana kwa wapimaji katika kugredi plasenta ni hafifu, na hao walikuwa na mafunzo na mashine nzuri. Kwa hiyo sitegemei Nakuru wala Kakamega tufanye maajabu, lakini sehemu kubwa ya tofauti hutokana na kanuni ambazo hakuna aliyezitamka. Kabla ya kupima kapa yoyote, kaeni pamoja mkubaliane juu ya mambo haya. Plasenta ikiwa na sehemu ya gredi I na sehemu ya gredi II, mnaandika ipi, iliyotawala au iliyo juu zaidi? Nimewahi kuona wapimaji wawili wakibishana saa nzima kuhusu picha ambayo wote waliisoma sawasawa, ila mmoja alikuwa akiandika iliyotawala na mwingine iliyo juu. Je, mbonyeo mmoja tu uliofika kwenye msingi unatosha kuita gredi III, au mnataka mafungu kadhaa yaliyozungukwa? Uwazi mweusi katikati ya fungu mnautofautisha vipi na ziwa la damu, ambalo ukitulia hata sekunde chache utaona damu ikizunguka ndani yake? Na mashine je: mwangaza ukiongezwa sana kila plasenta huwa na madoa meupe, ukipunguzwa sana hata gredi II huonekana safi. Wekeni mpangilio mmoja wa mashine kwa ajili ya plasenta, tazameni sehemu ile ile kila mara, ikiwezekana pale kitovu kinapoingia na pande zake, na kichwa cha mashine kisimame wima juu ya ukingo wa plasenta, kwa sababu mwangwi unaorudi kwa mshazari hufanya ukingo uliobonyea uonekane laini.

Mwanafunzi_KMTC aliongeza:

Samahani wakubwa zangu kwa kuingilia. Je, badala ya picha iliyosimama, si bora kutumia video fupi ya kupita plasenta nzima? Tunapofundishwa, picha moja mara nyingi hukosa ule mbonyeo ambao mwalimu anaouona akiwa anasogeza mkono.

Takwimu_Eldoret alijibu:

Ni bora, mwanafunzi, na huo ndio daraja kati ya majaribio mawili niliyoyataja: msomaji anapewa uhuru wa kuchagua fremu, ingawa mkono bado ni wa mwingine. Ikiwa mashine inahifadhi video, itumieni. Jihadharini tu kwamba jina la mama na namba yake mara nyingi huwa zimechapwa juu ya kila fremu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haitofautishi picha iliyotumwa kwa nia njema katika kundi la simu na iliyotumwa kwa nia nyingine.

Sonografa_Nakuru alirudi:

Ninawashukuru nyote. Nimewaonyesha wenzangu orodha ya maswali ya Daktari, na kabla hata ya kusoma picha moja tumegundua kwamba wawili wetu huandika gredi iliyo juu na mmoja huandika iliyotawala. Sista, nimelichukua ombi lako pia: tumekubaliana kuanzia sasa gredi isiandikwe katika hitimisho la ripoti, ibaki ndani ya maelezo, na chini ya wiki 36 tuandike pamoja nayo umri wa mimba umetokana na kipimo gani.

Yamebaki mawili. Ripoti nyingi za zamani zimeandikwa «gredi I–II» au «II–III». Tukizipeleka katika hesabu tuziweke wapi? Na plasenta ya nyuma ambayo haionekani vizuri, tuiondoe?

Takwimu_Eldoret alijibu:

Zile ripoti za zamani usizitumie kwa kapa. «II–III» ni njia ya adabu ya kusema sijui, na ukiigeuza kuwa II au III wewe mwenyewe, umekuwa msomaji wa nne bila kuiona picha. Katika jaribio jipya mlazimishe kila msomaji kuchagua gredi moja, kisha katika safu ya pembeni aandike kama ana uhakika au hana. Mara nyingi safu hiyo ya pembeni hufundisha kuliko kapa, kwa sababu picha ambazo wote watatu hawakuwa na uhakika nazo ni ugumu wa plasenta, na zile ambazo kila mmoja alikuwa na uhakika na jibu lake tofauti ni ugumu wa kanuni zenu.

Plasenta ya nyuma usiiondoe. Wape wasomaji jibu la tano, «haisomeki», na hesabu kwanza kama wanakubaliana juu ya hilo, ndipo ufanye kapa ya gredi kwa zile tu ambazo wote wamezisoma. Ukiziondoa mapema, utapata namba nzuri ya plasenta za mbele za akina mama wembamba, ambazo hazikuwa shida yenu tangu mwanzo. Na katika kliniki pia, ruhusu ripoti iseme hivyo hivyo: plasenta iko nyuma, gredi haikuweza kusomwa.